Masika Yanasingiziwa

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu miezi miwili ambayo Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, imekubali kuihesabu kuwa miezi ya hasara. Nayo ni Aprili na Mei, miezi ya masika. Mawingu hushuka, kusi huanza kuvuma, bahari hubadilika rangi, na katika hoteli nyingi za Diani, Nungwi na Paje viti vya ufukweni hukusanywa na kufunikwa maturubai. Malindi na Watamu, ambako kwa miaka mingi wageni wakuu wamekuwa Waitaliano, ziko hoteli zinazofunga kabisa baada ya Pasaka na kufungua tena mwezi wa Julai. Wapishi, wahudumu na watunza bustani hupewa likizo isiyo na malipo. Vibarua hawapewi hata hiyo likizo. Huambiwa tu kwamba wataitwa. Ukiuliza sababu, utajibiwa neno moja: mvua. Ninachotaka kukieleza leo ni kwamba jibu hilo lina ukweli mdogo kuliko tunavyodhani. Mvua ina sehemu yake, wala siikatai. Lakini sehemu kubwa ya hasara ya masika tumejitengenezea wenyewe, tulipoamua kuuza kitu kimoja, yaani jua la ufukweni, kwa mteja mmoja, yule atokaye mbali, kisha tukamwachia mteja huyo atupangie kalenda.

Tuanze na mvua yenyewe. Zanzibar hupata kwa wastani zaidi ya milimita 300 mwezi wa Aprili, na hakuna mwezi mwingine unaoufikia. Mombasa kilele huchelewa kidogo, huja Mei. Ukanda wa mvua unaofuata jua la utosi unakuwa unapita juu yetu kuelekea kaskazini, na upepo nao unageuka, kaskazi inaondoka na kusi inaingia. Hiyo ni mvua nyingi, na anayesema ni manyunyu tu anadanganya. Hata hivyo, mvua za pwani aghalabu hunyesha usiku, alfajiri na asubuhi. Ziko siku nyingi za masika ambazo kufikia saa saba mchana ardhi imekwisha kuanza kukauka. Sasa mtazame Desemba. Desemba ni mkia wa vuli, na Zanzibar hupata mwezi huo zaidi ya milimita 100 za mvua, kiasi kinachoushinda mbali mwezi wa Julai. Lakini wiki ya mwisho ya Desemba ndiyo ambayo mtu hutafuta chumba Nungwi na kukikosa, hata kwa bei maradufu. Kama mvua ndiyo inayofukuza wageni, mbona ile ya Desemba haimfukuzi mtu? Kinachotenganisha Desemba na Mei si mawingu peke yake. Desemba shule za Ulaya zimefungwa, kwao kuna baridi kali na giza la saa kumi jioni, na watu wana likizo ya Krismasi mkononi. Mei shule zimefunguliwa, na huyo mtu wa Milan au Hamburg ameanza kupata jua lake mwenyewe, nyumbani, bila ya nauli. Hata anga ya Pwani ingekuwa safi mwezi mzima wa Mei, bado ndege nyingi zingetua na viti vitupu.

Ushahidi mwingine ulio wazi zaidi tuliupata mwaka 2022. Masika ya mwaka huo yalishindwa vibaya katika Pembe ya Afrika na mashariki mwa Kenya, yakiwa ndani ya mfululizo wa misimu mitano ya mvua iliyokosekana tangu mwisho wa 2020. Kaunti za Kilifi, Kwale, Tana River na Lamu, ambazo zina sehemu kubwa ya fukwe za Kenya, zilikuwa katika orodha ya kaunti zenye ukame. Watu wa bara ya Kilifi walikuwa wakigawiwa chakula cha msaada kwa sababu mbingu zimegoma. Lakini orodha za bei za mahoteli zilikuwa zimekwisha kuandikwa mwaka mmoja kabla, na katika orodha hizo Aprili na Mei zilikuwa msimu wa chini kama kawaida. Hakuna wakala wa safari aliyepiga simu kuuliza kama mvua imenyesha kweli. Hapo ndipo unapotambua kwamba msimu wa chini ni jambo linaloandikwa kwenye mkataba, na kwamba mkataba hauna habari na hali ya hewa ya mwaka wenyewe.

Kuna jambo la pili ambalo, kwa maoni yangu, halijazungumzwa ipasavyo. Kati ya mwaka 2017 na 2023, mwezi mtukufu wa Ramadhani uliangukia ndani ya masika au ukayagusa. Ulianza mwisho wa Mei mwaka 2017, ukaingia katikati ya Mei, ukapanda hadi Aprili, na mwaka 2023 ukamalizika katika wiki ya tatu ya Aprili. Kwa miaka saba, basi, mwenye mkahawa wa Mji Mkongwe au wa Lamu alikuwa na sababu mbili za kufunga kwa wakati mmoja: mvua, na mchana wa saumu. Sababu hizo mbili zilishikana mpaka zikaonekana kitu kimoja, na desturi ya kulala katika miezi hiyo ikaota mizizi. Sasa Ramadhani imeondoka huko. Imekwenda Machi, imeingia Februari, na inaelekea Januari, yaani ndani ya miezi ya kaskazi ambayo ndiyo ya biashara kubwa. Nusu ya sababu ya kufunga Aprili na Mei imehama, ila desturi imebaki pale pale.

Na desturi hiyo ina watu wanaoilipa. Siku hizi utalii unakadiriwa kubeba zaidi ya robo ya uchumi wa Zanzibar na sehemu kubwa sana ya fedha zake za kigeni. Mwaka 2024 visiwa vilipokea wageni zaidi ya 700,000. Idadi hiyo ya mwaka mzima inapendeza kuisoma, lakini inaficha bonde lililopo katikati, kwani kila mwaka Aprili na Mei ndizo zinazoshika mkia. Hoteli yenye mtaji hulipitia bonde hilo kwa akiba. Dereva wa teksi aliyekopa gari hana akiba ya namna hiyo, na benki haina msimu wa chini. Yuko pia mama anayesuka nywele ufukweni, nahodha mwenye mashua ya kukodisha, kijana anayepeleka wageni kwenye mashamba ya viungo, mvuvi aliyezoea kuuza kamba na pweza moja kwa moja jikoni mwa hoteli. Huyu wa mwisho hupigwa pande zote mbili, kwa kuwa kusi inamzuia kutoka na jiko halinunui hata akitoka.

Zamani haikuwa hivi, na naomba nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo uzito wa jambo ulipo. Kwa karne nyingi masika ya Pwani yalikuwa msimu wa kazi. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalikuwa yakiondoka kurudi Oman na Ghuba kwa kusi ya mwanzo, vyombo vidogo vilipandishwa pwani kukalafatiwa, na watu waliingia shambani kulima na kupanda. Msimu wa mvua ulipungukiwa na biashara, lakini ulijaa kazi. Hata vijiji vya ardhi ya mawe, kama vile Nungwi na Jambiani, vilikuwa na mihogo, mtama na choroko vilivyopandwa kwenye vishimo vya udongo katikati ya mawe. Leo sehemu kubwa ya ardhi hiyo karibu na bahari ni hoteli. Kijana aliyezaliwa Paje mwaka 2000 hakurithi jembe; alirithi nafasi ya kuomba kazi. Mvua ni ile ile iliyokuwa ikimpa babu yake kazi, na yeye inampa likizo isiyo na malipo. Tukisema "ni msimu tu, utapita", tunasahau kwamba tumemwondolea mtu mguu mmoja wa kusimamia na wa pili tunaufunga miezi miwili kila mwaka.

Kama hali ya mawingu isingekuwa na dawa popote duniani, tungevumilia. Lakini iko mahali ambapo watu wametajirika kwa mawingu, tena ni mahali tunapopajua. Kusini mwa Oman, katika mkoa wa Dhofar, mji wa Salalah huingia katika msimu wa kharifi kuanzia tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba. Upepo unaouleta ni ndugu wa kusi yetu: ni upepo ule ule mkubwa wa Bahari ya Hindi unaovuka ikweta, ukipinda kuelekea kaskazini mashariki. Ukifika milima ya Dhofar hutanda ukungu, huangusha rasharasha kutwa, na jangwa hugeuka kijani. Jua halionekani kwa siku nyingi. Kwa hesabu za kitalii tulizozizoea sisi, huo ni msimu mbovu kupita yote. Lakini mwaka 2024 Salalah ilipokea katika miezi hiyo wageni zaidi ya milioni 1, kwa takwimu za serikali ya Oman. Wengi wao walikuwa Waomani wenyewe, wakifuatiwa na jirani zao wa Ghuba. Familia hupanda gari Muscat na kuendesha karibu kilomita 1,000 za jangwa ili wakakae chini ya mawingu na watoto waloe. Wanakimbia joto linalopita nyuzi 40. Salalah wanakuta nyuzi za ishirini na kitu. Mawingu ni yale yale ambayo mtu wa Ulaya angeyaombea fidia kwa wakala wake. Kilichobadilika ni mnunuzi.

Najua pingamizi itakayokuja hapa, na ina haki. Mtu atasema: rasharasha ya Salalah si gharika ya Aprili. Ni kweli. Masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 150 Tanzania na zaidi ya 200 Kenya. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo mto Talek ulifurika na kuingia kwenye kambi za watalii Maasai Mara, wageni wakaokolewa, baadhi yao kwa helikopta. Siku chache tu baadaye kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa. Mwenye akili timamu hawezi kumwita mgeni aje kucheza na maji ya namna hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo, boti zikae gatini, na anayelalamika kwa sababu ya hasara ya siku moja asisikilizwe. Lakini tuangalie tunachofanya na ukweli huo. Tunachukua siku za hatari, ambazo sasa zinatabirika siku kadhaa kabla, na kwa ajili yake tunafunga siku sitini. Salalah nao wanapigwa na vimbunga. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilitua karibu na mji huo na kuharibu barabara na nyumba, na mwezi uliofuata kharifi ikafunguliwa, wageni mamia kwa maelfu wakafika. Hawakuhitimisha kwamba Mei na Juni si miezi ya kuishi. Walitengeneza barabara.

Sisi barabara na mitaro tunaijua ilivyo. Mvua ya saa mbili inatosha kuifanya mitaa ya Mombasa na ya Darajani mjini Zanzibar kuwa vidimbwi, na nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, zilizoingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, hunyonya maji kila masika mpaka baadhi zikaanguka. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba maarufu la mji huo, iliporomoka sehemu siku ya Krismasi mwaka 2020. Kwa hiyo mtu akisema miundombinu ndiyo inayofunga Pwani, nitakubaliana naye kwa kiasi kikubwa. Ila hapo tutakuwa tumekubaliana kwamba tatizo ni mtaro na paa, vitu ambavyo binadamu hujenga, na si wingu.

Sasa, nani atakuja? Ni yule ambaye tayari ana likizo katika miezi hiyo, na huyo yuko ndani ya nyumba. Hebu tazama kalenda ya Tanzania: tarehe 7 Aprili ni siku ya Karume, 26 Aprili ni Muungano, kisha Mei Mosi, na Pasaka huangukia mwisho wa Machi au Aprili. Kenya shule hufunga Aprili, kuna Pasaka hiyo hiyo, kuna Mei Mosi, na tarehe 1 Juni ni Madaraka. Na lipo lingine ambalo sijui kama wenye mahoteli wameliona. Idd el-Haji imeingia masika. Mwaka 2026 inatazamiwa karibu na tarehe 27 Mei, 2027 katikati ya Mei, 2028 mwanzoni mwa Mei, na 2029 na 2030 itakuwa ndani ya Aprili, ikitegemea mwandamo wa mwezi. Kwa miaka mitano mfululizo sikukuu kubwa ya familia za Pwani, sikukuu ya nguo mpya, ya watoto kutembezwa na jamaa kutembeleana kutoka Muscat hadi Moroni, itakaa katikati ya miezi tunayoiita mifu. Hakuna kampeni ya matangazo inayoweza kununua bahati kama hiyo.

Ni rahisi kudhani kwamba mgeni wa ndani ni kijalizo tu. Kenya ilikwisha kujifunza kinyume chake kwa njia ngumu. Baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, Uingereza ilipowaonya raia wake mwezi wa Mei 2014 wasiende Mombasa, kampuni za safari ziliwakusanya wateja wao na kuwarudisha kwao, na hoteli za Pwani zikaanguka moja baada ya nyingine. Zilizosalia ziliokolewa na watu wa Nairobi, Nakuru na Eldoret. Reli mpya iliyofunguliwa mwisho wa Mei 2017, masika yakielekea ukingoni, ikafupisha safari ya Nairobi na Mombasa kuwa ya saa tano hivi, na kufikia mwaka 2018 zaidi ya nusu ya usiku wa vitanda vilivyolipiwa katika hoteli za Kenya ulikuwa wa wakazi wa nchi yenyewe. Ilipokuja korona na ndege za kimataifa zikasimama, ndio hao tena waliozishika hoteli mkono. Mgeni huyu hakimbizwi na mawingu. Mtu wa Nairobi anayaona mawingu nyumbani kwake mwezi mzima wa Julai. Anachokitafuta Mombasa ni joto la bahari, pweza, viazi karai, na watoto kuogelea kwenye bwawa hata mvua ikinyesha. Mtu wa Dodoma kwake mvua si adhabu hata kidogo.

Watasema, na wanasema, kwamba mgeni wa ndani hana fedha, au anazo ila hazitumii: anakuja na chakula chake, wanalala watano chumba kimoja, hanunui safari ya kwenda kuona pomboo. Kuna chembe ya ukweli, nami sitaifunika. Lakini kwanza mtu huyo ameonyeshwa bei gani? Katika hoteli nyingi za fukwe za Unguja bei imefikiriwa kwa dola, imepangwa kwa mtu mmoja mmoja badala ya familia, na menyu imeandikwa kwa ajili ya mtu anayeogopa pilipili. Ukimpangia mtu bei isiyo yake, ukampikia chakula kisicho chake, ukamkaribisha kwa lugha isiyo yake, halafu asipotumia fedha ukasema hana, umemhukumu kabla ya kumpa nafasi. Pili, chumba kilicho wazi usiku wa leo hakiwezi kuuzwa tena kesho. Usiku huo umekwenda. Shilingi atakayoiacha mgeni wa Morogoro mwezi wa Mei haishindani na dola ya Agosti. Inashindana na sifuri. Tena shilingi hiyo humfikia dereva, mama lishe na muuza madafu haraka zaidi, kwa kuwa mgeni wa ndani hutoka nje ya geti kununua, tofauti na yule aliyelipia kila kitu kwa wakala wa Ulaya kabla hajapanda ndege.

Pingamizi ya mwisho ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa kuwa inatoka kwa watu wa kazi. Mameneja husema kwamba jengo linahitaji kupumzika. Chumvi inakula mabomba, mbao zinaoza, makuti yanachakaa, na wafanyakazi nao wanahitaji likizo baada ya miezi tisa ya mbio. Yote ni kweli. Lakini fundi yeyote wa makuti atakwambia kwamba paa hubadilishwa kabla ya masika, na mpaka rangi atakuomba ukuta uliokauka. Kufunga kwa ajili ya matengenezo katika miezi ambayo matengenezo mengi ya nje hayawezekani ni ushahidi kwamba matengenezo yalitafutwa baada ya uamuzi wa kufunga. Mabomba na nyaya za ndani, hayo yanafanyika vizuri sana kwenye mvua, na yanafanyika bawa moja baada ya jingine huku bawa la pili likiwa na wageni. Na mfanyakazi anayehitaji likizo anahitaji likizo yenye mshahara. Isiyo na mshahara kwa lugha ya wazi ni kuachishwa kazi kwa muda.

Linabaki swali la nini tuuze, na hapa lazima tuwe wakweli kwa mgeni. Bahari ya masika kweli ni mbaya. Mto Sabaki huleta matope mengi mpaka maji ya Malindi yanakuwa kahawia, kusi inavuruga maji na mzamiaji hapati kuona mbali, na safari ya baharini ya Kisite au Mnemba inaweza kuahirishwa asubuhi ile ile. Atakayeuza bahari ya buluu mwezi wa Mei atakuwa tapeli, na picha zitasambaa mtandaoni kabla hajamaliza kuhesabu malipo. Lakini Pwani si maji matupu. Mvua ndiyo inayoufanya msitu wa Jozani utiririke na kunukia udongo, na ndiyo inayoamsha vipepeo wa Arabuko-Sokoke, ambako wanakijiji wa pembeni mwa msitu wamekuwa wakifuga na kuuza viwavi bundo kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede tangu mwaka 1993. Maporomoko ya Shimba Hills huwa na maji ya kutosha kuitwa maporomoko. Katika kisiwa cha Juani, Mafia, vifaranga vya kasa huanza kutoka mchangani masika yanapoelekea ukingoni. Magofu ya Gede na ngome ya Fort Jesus yanatembeleka vizuri zaidi bila ya jua la Februari linalounguza kisogo. Na kuna mambo ya ndani ya nyumba ambayo mvua ndiyo wakati wake: kupika, kusikiliza taarabu, kujifunza kuchora hina na kuchonga milango, kukaa barazani na kahawa chungu. Sauti za Busara iko Februari, tamasha la filamu la Zanzibar hufanyika katikati ya mwaka, Mwaka Kogwa wa Makunduchi una tarehe zake za Julai ambazo hatuwezi kuzigusa. Hakuna hata jambo moja kubwa tulilolipeleka kwa makusudi Mei. Tumerundika mialiko yetu yote katika miezi ambayo watu wangekuja hata bila ya kualikwa.

Haya hayawezi kufanywa na hoteli moja peke yake. Mwenye hoteli ya Watamu akifungua Mei peke yake, mkahawa wa jirani umefungwa, mashua ziko juu, kituo cha kuzamia hakina mtu, na mgeni wake atajiona amefika mahali palipohamwa. Ndiyo maana kila mmoja anafunga kwa sababu mwenzake amefunga. Duara hilo huvunjwa na wenye mamlaka ya kuwaweka watu pamoja: kaunti, Kamisheni ya Utalii Zanzibar, jumuiya za wenye hoteli, kampuni za boti na shirika la reli. Wakiamua kwamba kuanzia Ijumaa kabla ya Idd hadi Jumapili inayofuata miji yote ya Pwani itakuwa wazi, nauli ya familia ikiwa moja na inajulikana, na ada za magofu na misitu zimepunguzwa kwa wakazi, wiki hiyo moja itatuonyesha zaidi kuliko semina nyingi. Isipofaulu, hasara yake ni ndogo, kwa kuwa vyumba hivyo vilikuwa vitupu hata hivyo. Na wa kuanza nao ni wale wanaoketi na mawakala wa Ulaya katikati ya mwaka kuandika bei za mwaka unaofuata. Katika karatasi hizo, mbele ya Aprili na Mei, bado kuna safu ambayo kwa miaka mingi hujazwa bila ya kufikiriwa. Mwaka huu, kabla ya kusaini, waichukue kalenda ya Idd na ya shule waiweke kando yake.